Akaunti Iliyobadilisha Namba: Kisa cha Ryzen 9000 na Vipimo vya Kiotomatiki

Agosti 2024 kampuni ya AMD, inayotengeneza prosesa (chipu kuu inayofanya kazi ya kompyuta), ilitoa maelezo ambayo kila anayepima kompyuta kwa niaba ya wanunuzi anapaswa kuyasoma polepole. Prosesa zake mpya za Ryzen 9000 zilikuwa sokoni kwa siku chache tu, na tayari namba za magemu zilizochapishwa na wachambuzi huru zilikuwa hazifanani na zile ambazo AMD yenyewe ilizionyesha. Kampuni ilitaja sababu kadhaa. Moja wengi hawakuitarajia: mfumo wake wa kupima kiotomatiki uliendeshwa katika hali ya msimamizi wa kompyuta, ile inayoitwa Administrator, na hali hiyo iliipa prosesa nafuu ambayo haikuwepo kwenye toleo la Windows walilotumia wachambuzi.

Kisa hiki kinaeleweka hata bila kudhani kwamba kuna aliyedanganya, na hapo ndipo uzito wake ulipo. Mfumo wa kupima ulirudia kazi yake kwa uaminifu, namba zikatoka zinazokaribiana kila mara, na bado hazikuwa namba ambazo mnunuzi angezipata nyumbani kwake. Mizani iliyopinda hutoa uzito uleule kila unapoweka mfuko uleule juu yake.

Kilichoahidiwa na kilichoonekana

Ryzen 9000 zilitangazwa na Lisa Su, mkurugenzi mkuu wa AMD, kwenye maonyesho ya kompyuta ya Computex, Taipei, mwanzoni mwa Juni 2024. Usanifu wake, Zen 5, ulielezwa kuwa unafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa kuliko Zen 4 ya kizazi kilichotangulia, wastani wa asilimia 16. Zilikuwa ziingie sokoni tarehe 31 Julai. AMD ikaahirisha ikisema prosesa za awali hazikufikia kiwango chake cha ubora, na Ryzen 5 9600X pamoja na Ryzen 7 9700X zikatoka tarehe 8 Agosti, moja kwa dola 279 na nyingine kwa dola 359. Wakubwa wao, 9900X na 9950X, walifuata tarehe 15 mwezi huohuo.

Wachambuzi walikuta sura mbili. Kwenye kazi nzito za hesabu, hasa zinazotumia maagizo ya AVX-512, yanayokokotoa namba nyingi kwa pamoja, hatua ilikuwa kubwa. Michael Larabel, mwanzilishi wa tovuti ya Phoronix, alizipima kwenye Linux kwa mamia ya vipimo na kuzisifu. Kwenye magemu ya Windows hali ilikuwa nyingine kabisa: 9700X iliipita 7700X ya kizazi kilichotangulia kwa asilimia chache, na kwenye baadhi ya magemu zilikwenda sambamba.

Maelezo ya kwanza yaliyowajia watu akilini yalikuwa umeme. 9700X imewekewa kiwango cha wati 65, ilhali 7700X ina 105. Hoja hiyo ina mashiko kwenye kazi zinazowasha viini vyote 8 kwa pamoja. Kwa magemu ina mashiko kidogo sana, kwa kuwa gemu kwa kawaida halifikishi prosesa ya aina hii kwenye ukomo wake wa umeme, na waliolegeza ukomo huo hawakuona faida ya maana kwenye fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde. Palikuwa na kitu kingine.

Kwa nini watu huotomatisha

Ili kuelewa jinsi hali ya msimamizi ilivyojipenyeza, lazima kwanza tuone mzigo wa kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa maabara inayopima magemu 13, kwa viwango 2 vya ukubwa wa picha, kila kimoja mara 3. Hapo kila prosesa inahitaji mizunguko 78. Kama chati itakuwa na prosesa 20, mizunguko ni 1,560, na kila mmoja ukichukua dakika 3 tu, ni saa 78 za kupima bila kuhesabu muda wa kubadilisha prosesa, kuwasha upya mashine, na kusubiri magemu yafunguke. Sampuli za prosesa mpya humfikia mchambuzi siku chache kabla ya tarehe ya kuchapisha. Mtu mmoja mwenye kalamu na kipanya hawezi, na akijitahidi atachoka, na mtu aliyechoka hupitia njia tofauti kidogo ndani ya gemu, husahau mpangilio mmoja, huandika 143 badala ya 134.

Kwa hiyo skripti, programu fupi inayotekeleza hatua hizo yenyewe, huchukua nafasi. Phoronix Test Suite, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2008, hufanya hivyo kwenye Linux na mifumo mingine: inapakua kipimo, inakiendesha kwa kawaida mara 3, na matokeo yakitawanyika kupita kiasi inaongeza mizunguko yenyewe. Upande wa magemu ya Windows kazi ni ngumu zaidi, maana gemu limetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya skrini. LTT Labs, maabara ya kupima vifaa ya Canada, iliweka wazi skripti za mfumo wake uitwao MarkBench, zilizoandikwa kwa Python. Skripti hubonyeza kibodi badala ya mtu, na husoma maneno yaliyoandikwa kwenye skrini ili kujua kama gemu limefika kwenye menyu inayotakiwa. Wakati huohuo programu kama PresentMon ya Intel, mshindani wa AMD, husikiliza matukio ya ndani ya Windows na kuandika muda wa kila fremu. Kutokana na muda huo hupatikana wastani wa fremu kwa sekunde, na pia ile asilimia 1 ya fremu za polepole zaidi, ambazo ndizo mchezaji huzihisi kama mkwamo.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Kila kipande cha mfumo huu kina sababu yake ya kuhitaji haki za juu. Kufunga kiendeshi kipya cha kadi ya michoro, yaani programu inayoiunganisha kadi na Windows, kunazihitaji. Dirisha la Windows linalouliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko huchorwa mahali ambapo skripti haiwezi kubofya, hivyo likitokea saa nane usiku kazi yote inasimama mpaka asubuhi. Programu yenye haki ndogo hairuhusiwi kutuma mibonyezo ya kibodi kwa programu yenye haki kubwa. PresentMon nayo inataka haki za msimamizi, au akaunti iwe ndani ya kundi maalumu linaloruhusiwa kusoma kumbukumbu za utendaji. Anayejenga mfumo wa kupima akishagonga vizuizi hivi kimoja baada ya kingine, njia fupi inajileta yenyewe: ipe skripti haki zote, uendelee na kazi.

Na hapa ndipo penye kiini cha kisa. Ndani ya Windows, programu inayofunguliwa na programu nyingine hurithi haki za aliyeifungua. Skripti yenye haki za msimamizi ikifungua gemu, gemu nalo linaendeshwa kwa haki za msimamizi. Mtu wa nyumbani akibofya ikoni ya gemu lilelile, linaendeshwa kwa haki za kawaida. Gemu ni lilelile, prosesa ni ileile, mipangilio ya picha ni ileile, lakini hali ni mbili.

Msimamizi asiye msimamizi

Jambo moja liliwachanganya wasomaji wengi wakati ule, nao hawana lawama. Mtu anayeweka Windows kwenye kompyuta yake huambiwa kwamba akaunti yake ni ya msimamizi. Kwa nini basi asipate faida waliyoipata AMD?

Ni kwa sababu tangu enzi za Windows Vista, akaunti iliyomo kwenye kundi la wasimamizi hutembea na haki zilizopunguzwa mpaka pale inapoomba zaidi na kuruhusiwa. Iko akaunti nyingine, iliyofichwa, iitwayo Administrator, ambayo kwa kawaida imezimwa. Ukiiwasha na kuingia kwayo, kila kitu kinaendeshwa kwa haki kamili bila kuulizwa. Katikati ya Agosti 2024, Hardware Unboxed, chaneli ya YouTube ya Australia inayoendeshwa na Steve Walton na Tim Schiesser, ilipima kwa kutumia akaunti hiyo na kukuta kwamba magemu kadhaa yaliongezeka kasi kweli. Hakuna kilichobadilika kwenye vifaa. Mtu alitoka kwenye akaunti moja akaingia nyingine.

Maelezo ya AMD yaliihusisha tofauti hiyo na utabiri wa matawi. Prosesa ya kisasa haisubiri kujua jibu la kila swali lililomo kwenye programu. Inakisia njia itakayofuatwa na kuanza kazi mapema, na ikikosea inatupa ilichofanya na kurudi nyuma. Zen 5 ilitanua sana sehemu hii ukilinganisha na vizazi vilivyotangulia. AMD ilisema uboreshaji wa msimbo unaohusu utabiri huo ulionekana katika hali ya msimamizi, lakini haukuwemo kwenye toleo la Windows 11 walilotumia wachambuzi, na kwamba watumiaji wote wangeupata kupitia toleo lililofuata, liitwalo 24H2.

AMD ilitaja na mengine: mipangilio ya mashine za Intel zilizotumika kulinganisha, zikiwemo RAM na ukomo wa umeme, ulinzi wa Windows unaojulikana kama VBS, na uchaguzi wa magemu pamoja na mahali palipopimwa ndani ya gemu. Hayo ni ya kawaida na wachambuzi huyabishania kila mwaka. Lakini suala la akaunti lilikuwa la namna nyingine. Sidhani kama kabla ya hapo wachambuzi wengi waliandika chini ya chati zao gemu liliendeshwa kwa haki zipi, na nionavyo mimi hakuna mchambuzi wa kulaumiwa kwa kutumia akaunti ya kawaida. Akaunti ya kawaida ndiyo sahihi. Ndiyo anayoitumia msomaji, na kupendekeza watu wacheze magemu kwenye Administrator ni kuwavulia ulinzi kwa ajili ya fremu chache.

Kurudia, na mtego uliokuwa ndani yake

Mwishoni mwa Agosti Microsoft ilitoa uboreshaji huo pia kwa watu wa 23H2, toleo lililotangulia 24H2, kupitia sasisho la hiari KB5041587. Toleo la 24H2 lenyewe lilifunguliwa kwa watu wengi kuanzia tarehe 1 Oktoba. Sasa maabara zote zilikuwa na uamuzi wa kufanya: turudie nini?

Jibu la haraka lingekuwa kurudia prosesa mpya peke yake, kwa kuwa ndizo zilizolalamikiwa. Jibu hilo lingezalisha kosa kubwa kuliko la kwanza. Hardware Unboxed walipoweka 24H2 walipima 9700X na pia 7700X. Zote mbili zilipanda, kila moja kwa takriban asilimia 10 kwa wastani wa magemu waliyochagua. Wachambuzi wengine walipata ongezeko dogo zaidi kulingana na magemu yao. Lakini fundisho la Hardware Unboxed kuhusu uwiano ni zito: Windows mpya haikuifaidi Zen 5 pekee, iliifaidi na Zen 4 karibu kwa kiasi kilekile. Umbali kati ya kizazi na kizazi ulibaki karibu palepale ulipokuwa siku ya kwanza.

Fikiria mchambuzi ambaye angepima 9700X kwenye Windows mpya kisha akaiweka kwenye chati pembeni ya namba za 7700X alizozihifadhi tangu miezi iliyopita. Chati ingeonyesha kwamba kizazi kipya kimeruka kwa zaidi ya asilimia 10. Hakuna namba hata moja kwenye chati hiyo ambayo ingekuwa ya uongo, na bado chati nzima ingepotosha. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anayeagiza prosesa kutoka nje, ambaye kuirudisha ni gharama juu ya gharama, angelipia pengo ambalo halipo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba thamani kubwa ya kuotomatisha haimo katika kuwahi siku ya uzinduzi. Imo katika uwezo wa kurudia kila kitu, za zamani na mpya, pale ardhi inapohama chini ya miguu ya wote. Maabara inayopima kwa mkono hulazimika kuhifadhi namba za zamani na kuzitumia tena na tena, kwa sababu kurudia prosesa 20 ni wiki nzima ya kazi. Yenye skripti nzuri inaweza kubadilisha prosesa asubuhi na kuacha mashine ifanye kazi hadi usiku. Mfumo uleule wa kupima ulioingiza tofauti ndani ya namba za AMD ndio dawa ya kuitibu, mradi ujengwe kwa adabu.

Adabu hiyo ni ipi? La kwanza ni kutenganisha haki. Sehemu ya mfumo inayofunga viendeshi na kuwasha upya mashine na iwe na haki za juu, lakini gemu lifunguliwe kwa haki za mtumiaji wa kawaida. Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows, inaruhusu kazi iendeshwe bila haki za juu, kwa hiyo skripti inaweza kuomba gemu lifunguliwe kwa njia hiyo badala ya kulifungua yenyewe na kulirithisha uwezo wake. PresentMon haihitaji kulazimisha chochote, akaunti iingizwe tu kwenye kundi linaloruhusiwa. Ni kazi ya ziada, inachosha wakati wa kujenga, na haionekani kwenye chati. Nadhani ndiyo sababu hurukwa.

La pili ni rekodi. Kila mzunguko mmoja uandikwe pamoja na hali yake: namba ya toleo la Windows, 22631 kwa 23H2 au 26100 kwa 24H2, pamoja na sasisho lililowekwa juu yake, toleo la Biosi (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya ubao mama, kiendeshi cha kadi ya michoro, kasi ya RAM na vipindi vyake vya kusubiri, kama VBS imewashwa, mpango wa umeme uliochaguliwa, na haki ambazo gemu liliendeshwa nazo. Skripti inaweza kusoma haya yote kutoka kwenye mfumo kwa muda mfupi sana, na hapo inamzidi binadamu kabisa, kwa sababu binadamu huandika kile anachoamini amekiweka, nayo huandika kilichopo. Phoronix Test Suite imekuwa ikifanya hivi kwa muda mrefu: matokeo yake hubeba toleo la kerneli (kiini cha mfumo), kompaila (kitafsiri cha msimbo), na hali ya kinga za usalama za prosesa. Mfumo wa kuchora chati ukikuta namba mbili zenye hali tofauti, ukatae kuziweka pamoja mpaka mtu aandike sababu.

La tatu wengi huliona kama kurudi nyuma, nami naliona la lazima. Mara kwa mara mtu aketi mbele ya Windows iliyowekwa upya, aingie kwa akaunti ya kawaida, afungue gemu kwa kipanya, na apime kwa mkono magemu machache. Namba zake zilinganishwe na za skripti. Zikipishana kupita matawanyiko ya kawaida, skripti isimamishwe hadi sababu ijulikane. Mizunguko elfu inayokubaliana yenyewe kwa yenyewe isingeweza kugundua suala la akaunti. Mzunguko mmoja wa mtu aliyefungua gemu kama anavyolifungua mnunuzi ungeligundua siku ya kwanza.

Vuli ya Intel

Hazikupita wiki nyingi kabla hali kama hiyo haijajitokeza upande wa pili. Tarehe 24 Oktoba 2024 Intel ilitoa Core Ultra 200S, na prosesa yake ya juu, 285K, ikaonekana kwenye magemu mengi kuwa nyuma ya 14900K iliyoitangulia. Robert Hallock wa Intel alikiri hadharani kwamba uzinduzi haukwenda walivyopanga, na Desemba kampuni ikachapisha maelezo ya kina. Kifurushi cha kusimamia umeme wa prosesa, ambacho kilipaswa kufika kupitia Windows Update siku ya uzinduzi, hakikuwepo. Intel ilikadiria athari yake kuwa kati ya asilimia 6 na 30. Mipangilio kwenye Biosi za baadhi ya mbao mama walizokuwa nazo wachambuzi haikuwa sawasawa, kati ya asilimia 2 na 14. Kulikuwa na mgongano kati ya 24H2 na Easy Anti-Cheat, programu ya kuzuia udanganyifu kwenye magemu, uliozifanya kompyuta zizimike kwa skrini ya buluu.

Safari hii namba za wachambuzi ndizo zilizotoka kwenye hali pungufu, ingawa hawakukosea. Walipima kile ambacho mnunuzi wa siku ile angekipata akifungua boksi. Januari 2025 marekebisho yalikamilika kwa msimbo mpya wa ndani wa prosesa, uliofikishwa kupitia Biosi, na maabara zikarudia vipimo. Mabadiliko ya magemu yaliyoonekana yalikuwa madogo, mbali na makadirio makubwa yaliyotajwa Desemba, kwa kuwa sehemu ya tatizo ilikuwa imekwisha kuondoka kimyakimya kupitia masasisho ya Windows kabla ya tangazo. Mchambuzi aliyekuwa ameandika namba kamili ya toleo kwenye kila mzunguko wa Oktoba aliweza kuonyesha ni kiasi gani kiliongezeka, na lini.